Maswali ya Wasomaji: Wimbo uingie kwenye ripoti ya tathmini?

SWALI: Tunatathmini mradi wa mbuzi wa maziwa katika vijiji vya Chamwino. Kina mama wanasema faida ya mbuzi haiishii kwenye lita, na wameomba kuieleza kwa wimbo. Mfadhili ataukubali kama ushahidi? (Msomaji, Chamwino)

JIBU: Ataukubali mkiukusanya kwa utaratibu. Msiwaimbishe siku ya kufunga mradi mbele ya wageni. Mtaambulia sifa tupu, kwani nani atamsema mgeni mbele ya macho yake?

Anzeni na mbegu. Wanawake wakae peke yao na wanaume peke yao, watu 8 hadi 10, kila kikundi na mbegu 20 za kunde. Wataje wenyewe faida za mbuzi: maziwa ya watoto, sare za shule, mchango wa msiba, heshima kwa wakwe. Kisha wagawe mbegu kwa uzito wa kila faida. Kwa nini hapa 7 na pale 2? Ubishi unaozuka mbegu zikihamishwa ndio wenye maana kuliko hesabu yenyewe, kwa hiyo mwandishi asiache kuandika. Pigeni picha mafungu kabla hayajazolewa.

Ndipo wimbo. Ombeni beti mbili, ya kilichobadilika na ya kilichokwama. Msipoiomba hii ya pili, hamtaipata. Rekodini, andikeni maneno kwa Kigogo kwanza, Kiswahili kando yake, halafu kaeni na waimbaji wafafanue mafumbo mstari kwa mstari. Kazi hii isifanyiwe ofisini mjini. Linganisheni na daftari la maziwa, na vikipingana rudini mkaulize.

Muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, ina mizizi kwenye unyago, kwa hiyo si kila wimbo wake ni wa kurekodiwa. Waulizeni kina mama watu wazima kwanza. Idhini ya kurekodi ni tofauti na idhini ya kumpelekea mfadhili sauti; ombeni zote mbili.

Nendeni baada ya mavuno, Juni hadi Agosti. Mvua zikianza watu wako shambani.

Maneno ya wimbo yakae kwenye sura ya matokeo, kando ya takwimu. Yakiwekwa kwenye viambatisho hayasomwi. Kabla ya kutuma ripoti, wasomeeni waimbaji sehemu hiyo, na wanachotaka kifutwe, kifuteni.