Maswali ya Walimu: Sheria za Ubaguzi wa Rangi Darasani

SWALI: Nafundisha Historia kidato cha tatu. Wanafunzi wangu wanataja sheria za Makaburu wa Afrika Kusini na miaka yake bila kukosea, ila nikiuliza ziliwafanya nini watu, jibu ni "waliteseka", basi. Nimefikiria nusu ya darasa ikae sakafuni kipindi kizima ili waonje. Mnaonaje?
– Mwalimu, Pongwe, Tanga

JIBU: Hilo la sakafuni liache, mwalimu. Darasa litacheka, na kama yumo mtoto mmoja tu mwenye ualbino au wa Kihindi, macho yote yatamgeukia yeye. Kengele italia na sheria yenyewe hakuna aliyeisoma.

Chagua sheria moja badala ya saba. Inayofaa ni kifungu cha 10 cha sheria ya maeneo ya mijini, kama kilivyorekebishwa mwaka 1952. Kiandike ubaoni kwa maneno mepesi: Mwafrika asikae mjini zaidi ya saa 72 bila kibali, isipokuwa kazaliwa hapo na kuishi hapo mfululizo, au kamtumikia mwajiri mmoja miaka 10 mfululizo, au kaishi hapo kihalali miaka 15 mfululizo.

Sasa andika kadi tatu. Wa kwanza kazaliwa mjini na hajawahi kuhama. Wa pili ana miaka 9 kwa mwajiri mmoja, na mwajiri kampunguzia mshahara. Wa tatu kaingia jana kutafuta kazi. Makundi ya watano watano, dakika 15: nani anabaki, nani anaondoka, na kwa maneno yapi ya kifungu?

Kadi ya pili ndiyo somo. Wengi watasema "aache kazi". Waulize: akiacha, ile miaka 9 inakwenda wapi? Hapo wataona wenyewe kwamba sheria iliyoonekana ya makazi ilimfunga mtu kwa bosi wake na kushusha ujira.

Jihadhari na jambo moja la kwetu. Watoto ambao babu zao walikuwa manamba, vibarua wa mkonge, watafananisha pasi, yaani kitabu cha kibali alicholazimika kubeba Mwafrika wa Afrika Kusini, na kipande, kadi ya kazi ya mashamba ya mkonge. Kipande kilihesabu siku 30 za kazi ili mtu alipwe. Pasi iliulizwa na polisi barabarani, na kutokuwa nayo kulimpeleka mtu mahabusu. Mauaji ya Sharpeville, ambako polisi waliwapiga risasi waandamanaji waliopinga pasi tarehe 21 Machi 1960 na kuua watu 69, yaache mwisho, wakishajua waandamanaji walikuwa wanakataa nini.

SWALI: Tunasema sheria hizi ziliwaumiza "walio wachache". Lakini Afrika Kusini weusi si ndio wengi?
– Msomaji, Chumbageni

JIBU: Ndio wengi, na ndiyo maana walinyimwa kura. Wachache walioumizwa kule ni Wahindi na Machotara: sheria ya maeneo ya makundi ya mwaka 1950 iliwahamisha kwenye nyumba na maduka yao. Mtaa wa District Six, Cape Town, ulitangazwa eneo la weupe mwaka 1966, na zaidi ya watu 60,000 wakaondolewa. Marekani ni hesabu nyingine: weusi ni wachache kitaifa, na majimbo ya kusini yaliwazuia kupiga kura kwa kodi ya kupigia kura na mitihani ya kusoma, mpaka sheria ya haki ya kupiga kura ya mwaka 1965.

SWALI: Naruhusiwa kutumia mfano wa mji wa Tanga?
– Mwalimu, Muheza

JIBU: Tumia, ila usiseme Tanganyika ilikuwa kama kwa Makaburu. Wakati wa ukoloni, mtaa wa Ngamiani ulikuwa wa Waafrika, Raskazone wa Wazungu. Shule nazo zilitenganishwa kwa rangi, zikaunganishwa Januari 1962. Kwa darasa, kizuri zaidi ni kura tatu ya uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, 1958–59. Wape karatasi yenye safu tatu, Mwafrika, Mwasia, Mzungu. Lazima kuchagua mmoja kila safu, na anayeacha safu wazi kura yake imeharibika. Kisha waulize kwa nini jamii ya watu wachache ilipewa viti sawa na ya mamilioni.