Parachichi kwa Gredi ya 3? Mwalimu, zirudishe hizo mbegu

Umesema kila mtoto wako atapanda kokwa ya parachichi wiki hii ya pili ya Oktoba, vuli ikianza, ukauliza kuhusu samadi na ua wa kuzuia mbuzi. Shule zinafungwa mwisho wa mwezi! Parachichi hukaa udongoni wiki 4 hadi 8 kabla ya kuchomoza. Piga hesabu.

Mimi sikupiga. Muuza miche mmoja wa kando ya barabara huku Embakasi aliniambia, "Panda tu, Mungu atamwagilia." Alijua ni watoto wa shule, alijua mwezi ni Oktoba, na bado akanitazama macho makavu akaniuzia na magunia mawili ya udongo. Mpaka leo roho inaniuma. Mkulima hungoja mvua kwa sababu yuko shambani mvua ikinyesha. Darasani Novemba hakuna mtu.

Tulipanda kwenye pakiti 43 za maziwa, zimetobolewa chini, kila moja na jina la mwenyewe. Asubuhi watoto walikimbilia huko hata kabla ya kutua mikoba. Wiki ya kwanza, udongo. Ya pili, udongo. Tukafunga. Bawabu akazisogeza barazani zisisombwe na maji, basi hata hiyo mvua haikuzifikia.

Januari msichana mmoja alichimba yake kwa kidole. Kokwa ilikuwa imepasuka, mzizi umetoka urefu wa ukucha, umekauka kama uzi. "Mwalimu, yangu ilikuwa imeanza." Nilikosa la kumwambia. Muhula ule wote nikitaja bustani, hakuna aliyeinua mkono.

Fuata kalenda ya shule, si ya mvua. Mtoto apande kitu atakachokiona kikichomoza kabla ya kufunga. Maharagwe hutoka siku 5 hadi 8, shingo imepinda, mbegu yenyewe imebebwa kichwani, na hapo utasikia kelele za watoto! Chukua ya kupika, ya sokoni. Zile mbegu za agroveti zenye rangi zimepakwa dawa, na watoto wa umri huo hutia vidole mdomoni. Mei, udongo ukiwa bado na maji ya masika, weka kunde: baada ya mwezi hivi mnachuma majani.

Kwa sasa loweka maharagwe usiku huu, kesho mpande. Siku ya kufunga kila mtoto aende nyumbani na pakiti yake mkononi.