Sogea Karibu: Niliyojifunza kwa Kamera Ndogo ya Video

Kipande ninachokipenda kuliko vyote kina dakika 4 na sekunde kidogo. Baba amekaa mezani, redio yake ya zamani ameifungua mgongo, skrubu amezipanga juu ya gazeti kuanzia kubwa hadi ndogo. Anaimba kwa pua wimbo usio na maneno. Bisibisi inateleza, anaguna, anaanza upya. Mwanangu, aliyekuwa na miaka 6 wakati huo, anamuuliza vumbi limeingiaje ndani ya kitu kilichofungwa. Baba anasimamisha mkono, anamtazama juu ya miwani, kisha anamjibu kwa uzito uleule ambao angemjibu mtu mzima. Hakuna kingine kinachotokea, lakini pumzi yake inasikika, na skrubu inaposagika kwenye tundu lake unaisikia.

Nilikirekodi kwa kamera ndogo ya video, ile inayoingia mfuko wa shati, yenye kitufe kimoja chekundu nyuma na vingine vichache vya kutazama na kufuta. Kwa kamera hiyohiyo nilirekodi dakika 40 za harusi ya mdogo wangu, nikiwa nimesimama nyuma ya ukumbi. Bibi harusi anaonekana kama doa jeupe. Kinachosikika ni viti vikiburutwa na mtu aliyekuwa akikohoa pembeni yangu. Kwa baba nilikuwa umbali wa hatua mbili. Harusini nilikuwa hatua thelathini. Nimetazama vipande hivyo viwili mara nyingi, na karibu kila ushauri nitakaoutoa hapa unatokana na tofauti hiyo ya hatua.

Kamera za aina hii zilivuma hasa kati ya 2007 na 2011. Iliyozifungulia njia ni Flip Video, ya kampuni ya Pure Digital ya San Francisco. Flip Ultra ya 2007 ilirekodi dakika 60 kwenye gigabaiti 2 za kumbukumbu ya ndani, picha ya pikseli 640 kwa 480, ikitumia betri mbili za AA, na ubavuni ilikuwa na mkono wa USB uliochomoza ukisukuma swichi, ukauchomeka moja kwa moja kwenye kompyuta. Kodak, Sony na Creative nao wakatoa za kwao. Cisco, kampuni ya vifaa vya mitandao ya kompyuta, waliinunua Pure Digital mwaka 2009 kwa hisa za takriban dola milioni 590, na Aprili 2011 wakatangaza kuifunga biashara ya Flip. Kufikia hapo simu nyingi zilikuwa tayari zinarekodi video. Hata hivyo kamera hizo bado zimejaa kwenye droo za watu, na nyingine rahisi za namna hiyo zinaendelea kutengenezwa.

Simu yako pengine inatoa picha nzuri kuliko kamera hizo. Nami bado naitumia hii ndogo nyumbani, kwa sababu moja: ninaweza kumpa mtu yeyote aishike. Simu ina ujumbe wangu, ina pesa zangu, na huita katikati ya jambo. Kamera ndogo haina siri. Mtoto wa miaka 7 anaibeba mchana kutwa, na anachokuletea jioni ni nyumba ambayo wewe umesahau kwamba ipo: magoti ya watu, upande wa chini wa meza, uso wa bibi ukishuka kutoka juu hadi ukajaza skrini nzima ukisema, "Njoo hapa mjukuu wangu." Sijawahi kupata picha ya mama yangu inayofanana na hiyo, kwa kuwa mimi hanitazami hivyo.

Sasa nieleze kwa nini kusogea kuna uzito mkubwa hivi. Kwanza ni picha. Kitufe cha kuvuta picha ionekane karibu (zoom) kwenye kamera hizi kwa kawaida hakisogezi lenzi yoyote. Kinachofanyika ni kukata sehemu ya katikati ya picha na kuitanua. Ukivuta mara 2, umebakiwa na robo tu ya picha yako, na robo hiyo imenyooshwa ijaze skrini. Ndiyo maana nyuso zinakuwa kama zimepakwa uji. Tena mtetemeko wa mkono nao unakuzwa pamoja na picha. Mimi nimeacha kabisa kukigusa kitufe hicho. Nikitaka mtu awe mkubwa, natembea kumwendea.

Pili ni sauti, na hapa ndipo wengi tunapoumia baada ya miaka, kwa sababu siku ya kurekodi masikio yetu hutudanganya. Sikio la mtu huchagua: unamsikia shangazi anayesimulia na unaiacha feni. Maikrofoni haichagui. Inapokea chochote kilicho karibu nayo. Sauti mahali pa wazi, umbali ukiongezeka maradufu, nguvu inayokufikia hubaki robo. Kwa hiyo kutoka mita 2 hadi mita 1 ni hatua moja tu ya mguu, lakini kwa maikrofoni ni kama umemwomba msimuliaji apaze sauti. Na jambo hilihili lina upande wake wa pili: aliye karibu zaidi na kamera ni wewe unayeishika. Kila "ehee" yako, kila "kweli?", itasikika kuliko maneno ya mzee unayemrekodi. Nina simulizi ya shangazi yangu kuhusu siku niliyozaliwa, na nusu yake nimeifunika kwa kucheka kwangu mwenyewe. Tangu hapo naitikia kwa kichwa na kwa macho.

Itafute pia maikrofoni yenyewe ilipo. Huwa ni tundu dogo, mara nyingi upande wa mbele karibu na lenzi, mahali hasa ambapo kidole cha kati hupenda kukaa. Ishike kamera kama unavyotaka kurekodi, kisha igeuze uone vidole vyako vimefunika nini. Nje penye upepo, upe upepo mgongo wako ili mwili wako uikinge kamera.

Kusogea nako kuna mpaka wake. Lenzi za nyingi ya kamera hizi hazibadilishi fokasi. Zimewekwa zione sawasawa kuanzia umbali fulani, kwa kawaida karibu mita moja, hadi mbali kabisa. Ukipita hapo kwa ndani, kila kitu kinakuwa ukungu, na kioo chake kidogo hakitakuonyesha kosa hilo. Fanya jaribio la dakika mbili: rekodi ukurasa wa gazeti kutoka mita 2, kisha mita moja na nusu, kisha moja, kisha nusu, utaje umbali kwa sauti huku ukirekodi. Tazama kwenye kompyuta. Mahali herufi zinapoanza kufifia ndipo mpaka wako ulipo. Kamera yangu inataka nafasi ya mkono mmoja ulionyooshwa na kidogo zaidi, na mwili wangu umeshaizoea nafasi hiyo.

Mwanga ni jambo jepesi: dirisha liwe nyuma yako wewe, si nyuma ya unayemrekodi. Kamera ndogo inapoona dirisha linang'aa hupunguza mwanga wa picha nzima, na uso wa mtu unabaki kivuli. Usiku, washa taa zote na umsogeze mtu chini ya taa. Na ufute lenzi kwa kitambaa laini cha pamba kila unapoitoa mfukoni, maana alama ya kidole huzungushia kila taa utando wa ukungu.

Sasa mikono. Bana viwiko vyote viwili mbavuni, egemea ukuta au fremu ya mlango, na uvute pumzi polepole. Kamera nyingi zina tundu la skrubu chini kwa ajili ya stendi ya miguu mitatu. Mimi natumia soksi niliyoijaza mchanga na kuifunga fundo. Naiweka juu ya kiti au rafu, naibonyeza kamera juu yake, inatulia bila kutikisika. Zaidi ya yote, acha kuizungusha huku na huku. Chagua kitu kimoja, hesabu moyoni hadi kumi kabla hujafikiria kuondoka. Mambo mazuri hutokea kwenye sekunde ya nane, baada ya mtu kuzoea kwamba unamtazama.

Kuna namna ya kuishika inayowachanganya waliozoea simu. Flip na nyingine nyingi za umbo lile hushikwa wima, lakini picha inayotoka ni ya mlalo, kwani zimeundwa hivyo kwa ndani. Ukiilaza ubavu kama unavyoilaza simu, watu wote watatoka wamelala. Mimi nilirekodi ngoma nzima ya watoto namna hiyo. Programu za kuhariri zinaweza kuigeuza, lakini unabaki na picha nyembamba katikati ya weusi.

Kosa jingine limenigharimu zaidi. Unabonyeza kitufe chekundu, huna hakika kama kimeshika, unabonyeza tena. Hapo umeanza na kusimamisha. Unaposhusha kamera unabonyeza ukidhani unazima, kumbe ndiyo unawasha. Ukifika nyumbani una dakika za viatu vyako na giza la mfukoni, lakini lile uliloliendea halipo. Mimi nilikosa hivyo hotuba ya kaka yangu siku alipoagwa kazini. Sasa nina desturi moja: baada ya kubonyeza, naangalia namba za muda kwenye kioo mpaka nizione zimetoka 1 kwenda 2. Ndipo nainua macho.

Na kweli, inua macho. Kamera ikiwa imetulia, huna haja ya kukikodolea kioo. Ishushe hadi usawa wa kifua na umtazame mtu usoni juu yake. Watu hukakamaa mbele ya lenzi, lakini ni vigumu kuukakamalia uso wa ndugu yako anayekusikiliza. Ukiweza, mrekodi akiwa na kazi mkononi, maana mikono ikiwa na shughuli, mdomo husahau kuogopa. Usimwambie "haya, sema kitu." Muulize jambo lisilojibika kwa ndiyo au hapana: nyumba mliyokulia ilikaaje, mlango ulikuwa upande gani, nani alilala wapi. Akinyamaza, mwache anyamaze. Anayetafuta jambo la zamani huhitaji muda, na ukimya huo nao utakuja kuupenda. Akikuambia zima, zima palepale. Mama alinikataza mara moja akiwa mgonjwa, nami nashukuru nilimtii.

Sasa sehemu ambayo hakuna anayeipenda. Nilishawahi kuichomoa kamera kwenye kompyuta taa yake ikiwa bado inamemeteka, kwa haraka zangu tu. Mafaili ya siku tatu yakawa hayafunguki. Ndani yake alikuwemo baba, akieleza alivyojifunza ufundi redio. Hakuyarudia kwa namna ileile, na sasa hayupo tena wa kuyarudia. Kwa hiyo nakuomba: nakili kwanza, fungua kila faili na ulitazame sekunde chache mwanzo na mwisho, itoe kamera kwa kufuata utaratibu wa kompyuta, halafu ndipo ufute kilichomo kwenye kamera. Nakala ziwe tatu, kwenye vyombo vya aina mbili tofauti, na moja ikae nje ya nyumba yako, kwa ndugu au kwenye hifadhi ya intaneti. Kutuma kwa WhatsApp si kuhifadhi, kwani kwa kawaida video hubanwa na kupoteza ubora njiani.

Majina ya mafaili nayo yanataka kazi kidogo. Kamera hukupa jina kama VID00014, ambalo baada ya mwaka halikwambii kitu. Mimi naandika mwaka, mwezi, siku, kisha jina la mtu na jambo, jioni ileile. Usiitegemee tarehe ya kamera, maana nyingi hurudi mwanzo betri zinapotolewa au kuisha kabisa.

Kama una kamera ya zamani kwenye droo, itafute leo. Ikiwa ni ya AA, zitoe betri, kwani zikikaa muda mrefu huvuja na kula vibati vya ndani. Kama ni ya betri ya ndani na ubavu wake umetuna, usiichaji, ipeleke kwa fundi. Video za Flip za mwanzo ni mafaili ya AVI ambayo programu nyingine hukataa kuyafungua, lakini programu iitwayo VLC huyafungua bila shida. Nilipoifungua ya kwangu iliyokuwa imelala miaka kadhaa, nilikuta kipande cha sekunde 19 nisichokikumbuka: mtoto ameishika, anatembea nayo kwenye ujia, na kutoka chumba cha mbele inasikika redio ya baba, imeshatengenezwa, inasoma habari. Nimekipa jina na tarehe, na nimeshamtumia dada yangu nakala.