Mordekai Si Mjomba wa Esta

SWALI: Katika mafunzo ya Biblia ya jumuiya yetu, mwalimu alisema kwamba Esta alilelewa na mjomba wake, Mordekai. Mwenzetu mmoja akapinga, akasema Mordekai ni binamu yake. Tulibishana hadi muda ukaisha. Je, kwa Kiswahili sahihi, Mordekai ni nani kwa Esta? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Mwenzenu aliyepinga ndiye aliyeukaribia ukweli, ingawa neno alilolichagua nalo lina mjadala wake. Kitabu cha Esta, sura ya 2, kinamtaja Mordekai kuwa mwana wa Yairi, wa kabila la Benyamini, na Esta kuwa binti wa Abihaili. Kiebrania chake kinasema kwamba Esta alikuwa “bat dodo”, yaani binti wa “dod” wake Mordekai, na “dod” ni ndugu wa kiume wa baba. Kwa hiyo Yairi na Abihaili walikuwa ndugu, na Mordekai na Esta ni watoto wa ndugu hao wawili. Mjomba hayumo kabisa katika habari hii, na hapo ndipo ninapoomba nikae kidogo, kwa sababu matumizi hayo ya neno “mjomba” yamenikera kwa miaka mingi.

Mjomba ni ndugu wa kiume wa mama. Ndugu wa kiume wa baba ni ami, au amu, kwa watu wa pwani, na kwa wengi wa bara ni baba mkubwa au baba mdogo, kutegemea kama alimtangulia baba kuzaliwa au alimfuata. Hakuna bibi wa Kiswahili aliyewahi kuwachanganya watu hawa. Mchanganyiko umetoka darasani, ambako mtoto hukaririshwa kwamba lile neno la Kiingereza linalowafunika ndugu wa baba na ndugu wa mama kwa pamoja maana yake ni “mjomba”, na tangu siku hiyo baba zake wadogo wote wanahamishiwa ukoo wa mama bila wao kujua.

Niliwahi kuhudhuria kikao cha posa ambapo msemaji wa upande wa muoaji, kijana msomi na mwenye adabu zake, aliwatambulisha wazee wawili waliokaa naye mkekani: “Huyu ni mjomba, na huyu pia ni mjomba.” Mzee wa upande wa pili akakiweka chini kikombe cha kahawa, akauliza, “Na aliyekuja kusimama mahali pa baba yuko wapi?” Mmoja wa wale wawili alikuwa mdogo wake baba wa muoaji, baba ambaye alikwisha kufariki, na ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho siku ile. Ilimbidi ajitambulishe upya kwa kinywa chake mwenyewe, na uso wake ulivyokunjamana sijausahau. Huko kwenu Morogoro, ambako Waluguru huuhesabu ukoo kwa upande wa mama na mjomba ana sauti yake katika mambo ya ukoo, neno hilo lina uzito ambao halistahili kupotezewa.

Sasa turudi kwenye maandiko, maana huko kosa hili haliishii katika kumvunjia mtu heshima bali linaharibu sheria yenyewe. Wachukue mabinti watano wa Selofehadi, mfano ninaourudia kila ninapoulizwa jambo hili na nitakaoendelea kuurudia: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Baba yao alifia jangwani bila kuacha mtoto wa kiume, nao katika Hesabu 27 wakasimama mbele ya Musa wakidai urithi wa baba yao, wakapewa. Lakini katika sura ya 36 wakuu wa ukoo wa Gileadi, wa kabila la Manase, wakaja na malalamiko yao: mabinti hawa wakiolewa na watu wa kabila jingine, ardhi yao itawafuata huko, na fungu la Manase litapungua. Hukumu ikatoka kwamba waolewe na wowote wawapendao, mradi wawe wa kabila la baba yao. Wakafanya hivyo. Aya ya 11 inasema waliolewa na wana wa “dod” zao.

Hebu msomaji ajaribu kuitia “mjomba” katika aya hiyo. Wajomba wa mabinti wale ni ndugu wa mama yao, na mama yao maandiko hayamtaji jina wala kabila. Angeweza kuwa wa Yuda, au wa Efraimu, au wa Dani. Ukisema waliolewa na wana wa wajomba zao, umewaoza mahali ambapo huenda ardhi ya Manase ingeondoka moja kwa moja, yaani umewafanya watende lile lile ambalo sura nzima iliandikwa kulizuia. Sema waliolewa na wana wa ami zao, na kila kitu kinakaa mahali pake: ami ni mtoto wa babu yao mzaa baba, wanawe ni wa kabila lile lile, na shamba halitoki. Neno moja la ukoo limeibeba sura yote mabegani, nasi tunalitupa kwa sababu ya mazoea ya daftari la shule ya msingi!

Ndivyo ilivyo pia katika Mambo ya Walawi 25, ambapo mtu aliyejiuza kwa umaskini aweza kukombolewa na nduguze, au na “dod” wake, au na mwana wa “dod” wake, na aya yenyewe inamalizia kwa kuwataja jamaa wa ukoo wake. Yeremia naye, katika sura ya 32, analetewa shamba la Anathothi na Hanameli, mwana wa Shalumu ami yake, kwa kuwa haki ya kulikomboa ni ya Yeremia. Akalinunua kwa shekeli 17 za fedha.

Atakuja mtu kuniambia kwamba Waisraeli wa leo humwita “dod” ndugu wa baba na ndugu wa mama pia. Ni kweli, lakini hicho ni Kiebrania cha leo. Katika maandiko ya kale, popote nasaba ilipotajwa waziwazi kiasi cha kuweza kuifuata, “dod” ni wa upande wa baba, na mwandishi alipotaka kumtaja ndugu wa mama hakuwa na neno moja la kumtosha. Soma Mwanzo 29:10, Yakobo alipomwona Raheli kisimani. Katika aya hiyo moja Kiebrania kinarudia mara tatu kwamba Labani ni “ndugu wa mama yake”: Raheli ni binti wa Labani, ndugu wa mama yake, kondoo ni wa Labani, ndugu wa mama yake, aliowanywesha ni kondoo wa Labani, ndugu wa mama yake. Sisi tunalo neno ambalo mwandishi yule hakuwa nalo. Labani ni mjomba wa Yakobo, mjomba halisi, kwa sababu Rebeka ni dada yake, na kwa Labani neno hilo ninalitetea kwa nguvu zile zile ninazotumia kulikataa kwa Mordekai.

Mwalimu wenu, hata hivyo, nisimlaumu peke yake, kwa maana kosa lake lina mizizi mirefu. Wafasiri wa kale wa Kiyunani waliandika sawasawa kwamba Esta ni binti wa ndugu wa baba yake Mordekai. Tafsiri ya Kilatini ya Mtakatifu Yeronimo ikasema ni binti wa ndugu yake Mordekai, na kwa njia hiyo Mordekai akapandishwa kizazi kizima. Lakini hata anayeifuata hiyo ya Kilatini hapati mjomba: ndugu wa Abihaili angekuwa ami wa Esta.

Linabaki neno la mwenzenu, “binamu”. Asili yake ni Kiarabu, mwana wa ami, na shina hilo hilo la kale la Kisemiti limo katika jina la Ben-ami, aliyezaliwa na binti mdogo wa Lutu katika Mwanzo 19:38. Kwa asili hiyo Mordekai ni binamu wa Esta bila ubishi, na Esta, kwa kuwa ni mwanamke, ni binti ami wa Mordekai. Tatizo ni kwamba sehemu nyingi za bara binamu siku hizi ni mtoto wa shangazi au wa mjomba, ilhali mtoto wa baba mdogo huitwa kaka au dada, basi msikilizaji wa Dodoma akiambiwa “binamu” atamtafutia Esta shangazi ambaye hayupo. Wengine wanamwita binamu hata msichana. Nilipokuwa kijana niliyapinga hayo yote kwa wino mwekundu; leo nayaacha yapite, kwa kuwa neno limepanuka mikononi mwa watu wengi na bado linamweka mtu katika kizazi chake.

Kwa hiyo katika kikao chenu kijacho semeni hivi: Mordekai ni mwana wa ami yake Esta, aliyemchukua akamlea kama binti yake baada ya wazazi wake kufariki. Nimechagua “ami” kwa makusudi. Mkisema “baba mkubwa” au “baba mdogo” mtalazimika kuamua nani alizaliwa kwanza kati ya Yairi na Abihaili, na hilo maandiko hayakulisema.