"Mwalimu Mkuu Anasema Hana Mwalimu": Maswali ya Wazazi wa Tanga kuhusu Elimu Maalumu

Shule zikifunguliwa Januari, simu yangu haipumziki. Nilifundisha kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu kwa miaka 22 kabla ya kustaafu, na wazazi wengi hapa Tanga bado wananiita mwalimu, kwa hiyo maswali hunifikia mimi kabla hayajafika halmashauri. Haya matano nimeyachagua kwa sababu najua nyuma ya kila moja kuna wazazi wengi walionyamaza. Majina nimeyaondoa, mitaa nimeiacha.

Shikamoo mwalimu. Mwanangu ana miaka 8, hasemi, na hospitali walituambia ana usonji. Nimekwenda shule ya jirani mara tatu kumwandikisha. Mwalimu mkuu ananijibu kwa upole kabisa kwamba hana mwalimu wa elimu maalumu, nijaribu kwingine. Kwingine nako nimejibiwa vivyo hivyo. Nifanyeje? (Mama wa Makorora)

Marahaba mwanangu, na pole kwa safari hizo. Huyo mwalimu mkuu huenda anasema kweli tupu. Walimu waliosomea elimu maalumu ni wachache, wengi wao wamepitia Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha, na wakihitimu hutawanywa nchi nzima. Lakini upungufu huo ni mzigo wa halmashauri, hautoshi kuwa sababu ya kumrudisha mtoto nyumbani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inampa mwanao haki ya kupokelewa shuleni kama mtoto mwingine yeyote, iwe shule ya serikali au ya binafsi.

Sasa sikiliza. Mara zote tatu ulikwenda kuuliza, na anayeuliza kwa mdomo hujibiwa kwa mdomo. Ukishatoka getini, pale ofisini hapabaki alama yoyote kwamba ulifika. Siku wakubwa wakitaka idadi ya watoto waliokosa nafasi, wako hatahesabiwa, na kitengo hakifunguliwi kwa ajili ya watoto ambao hawamo kwenye karatasi. Safari ya nne nenda na barua.

Ukurasa mmoja unatosha, kwa mwandiko wako mwenyewe. Taja jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, mtaa mnaoishi, na hali yake. Taja tarehe ulizokwenda na jibu ulilopewa kila mara, bila kumtukana mtu. Malizia hivi: naomba mwanangu aandikishwe, na ikishindikana naomba nijibiwe kwa maandishi. Iandike kwa mwalimu mkuu, nakala kwa Afisa Elimu Kata na kwa Afisa Elimu Maalumu wa Jiji. Ambatisha kivuli cha cheti cha kuzaliwa na cha karatasi ya daktari. Halisi zibaki kabatini. Kopi yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Wakikwambia muhuri haupo, mpokeaji aandike jina lake, tarehe na saini.

Wape wiki mbili, kisha nenda mwenyewe kwa Afisa Elimu Maalumu. Yeye ndiye anayejua kitengo gani kina nafasi na mtoto apimwe wapi kabla ya kupangiwa. Nakuomba sana upimaji huo usiuruke, na uanze na masikio hata kama jina la usonji limeshatajwa. Katika shule moja niliyofundisha tuliletewa mvulana asiyesema. Tukamwandika ana ulemavu wa akili, tukampa shanga za kutunga, na akazitunga miaka miwili. Siku moja bati lilidondoka nyuma yake, darasa zima likaruka, yeye akaendelea na shanga zake. Alikuwa kiziwi. Mimi nilikuwa mmoja wa walimu waliokaa naye miaka hiyo miwili, na hadi leo nikiona shanga namkumbuka.

Halmashauri nayo ikikaa kimya, barua hiyo hiyo ipeleke kwa Mkurugenzi, na umwone Afisa Ustawi wa Jamii. Uliza pia mtaani kwako kama kamati ya watu wenye ulemavu inakutana, maana sheria hiyo hiyo ndiyo iliyoziunda tangu ngazi ya chini. Zaidi ya hapo ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo hupokea malalamiko bila malipo. Wazazi wengi ninaowafahamu hawakufika huko. Muhuri wa kupokelewa huamsha ofisi mapema.

Binti yangu ni kiziwi, ana miaka 6. Shule ya karibu imekubali kumpokea, ila hakuna hata mmoja anayejua lugha ya alama. Nimeambiwa kuna nafasi ya bweni, lakini ni mbali sana. Mke wangu analia, hataki. Wewe ungefanya nini? (Baba wa Pongwe)

Ndugu yangu, mimi ningempeleka mahali anaposemeshwa.

Najua neno hilo litamuumiza mama mtoto, naomba mlisome pamoja. Mtoto kiziwi akiwekwa darasa ambalo hakuna anayejua alama, ameandikishwa lakini hasomi. Atakaa dawati la mbele, atanakili ubao kwa mwandiko mzuri mpaka mtamsifu, na hatajua alichoandika. Ile sheria niliyoitaja juu inaelekeza watoto wenye ulemavu wasome katika shule za kawaida, lakini inawatoa kwenye sharti hilo wale wanaohitaji mawasiliano maalumu, na ina sababu. Lugha hujengeka utotoni. Mtoto asiyepata lugha kamili katika miaka ya mwanzo, ya mdomo au ya mikono, hulipa deni hilo hadi ukubwani, kwenye kusoma, kuhesabu, na hata kueleza kwamba tumbo linamuuma. Nchi hii ina shule za viziwi tangu 1963, ilipoanza ile ya Tabora. Ujuzi upo, ila umekusanyika mahali pachache.

Kabla ya bweni, ulizeni kama kuna kitengo cha viziwi ambacho angeweza kwenda na kurudi kila siku. Kama hakuna, nendeni bwenini wote wawili, msitume mtu. Mwulizeni matroni anayelala na watoto aonyeshe kwa alama: naumwa, naogopa, nani amekupiga. Asipoweza, usiku watoto hao hawana mtu. Tazameni choo na mlango wake. Ulizeni watoto wanarudi nyumbani mara ngapi kwa mwaka na nani anawasindikiza. Mkiridhika na hayo, mpelekeni. Msiporidhika, miaka 6 ni midogo, na mama ana haki ya kukataa bweni hilo na kudai jingine.

Jambo lililobaki ni lenu nyumbani. Nimewaona watoto wanaorudi likizo wakiwa na habari za muhula mzima mikononi, na nyumba nzima inajua alama tatu tu: kula, oga, lala. Mtoto anakaa ukumbini kama mgeni. Mtafuteni kijana kiziwi hapo mtaani awafundishe jioni, na mumlipe. Mama aanze, na wewe baba usibaki nyuma kwa kisingizio cha kazi.

Mwanangu ana ualbino, yupo darasa la saba, ubaoni haoni vizuri. Mwalimu wake anasema mtihani wa taifa ni ule ule kwa wote. (Mama wa Muheza)

Maswali ni yale yale, karatasi na muda si vile vile. Baraza la Mitihani huandaa karatasi yenye maandishi yaliyokuzwa kwa wenye uoni hafifu, na nukta nundu, yale maandishi ya kusomwa kwa vidole, kwa wasioona. Muda nao huongezwa: dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati, dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Lakini Baraza halimwoni mwanao. Linaona alichojaza mwalimu mkuu wakati wa kusajili watahiniwa. Nenda shuleni wiki hii, si mwezi wa nane, uhakikishe hali yake imeandikwa kwenye usajili. Darasani akae mbele, dirisha liwe nyuma yake, avae kofia hata ndani kama mwanga unamchoma, na mwalimu asome kwa sauti kila anachoandika ubaoni.

Mwanangu ana ulemavu wa akili. Alipokelewa vizuri, lakini sasa naambiwa nilipe shilingi 30,000 kila mwezi za msaidizi, la sivyo nikae naye darasani mwenyewe. Alfajiri nauza vitumbua, jioni nakaanga samaki. Nitaweza wapi? (Mama wa Mabawa)

Hutakiwi kuweza, mwanangu. Elimu ya msingi hutolewa bila malipo tangu Januari 2016, na waraka ulioeleza mpango huo ulikataza mtoto kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango. Januari 2018 Rais Magufuli alikwenda mbali zaidi, akawakataza walimu kupokea michango ya wazazi. Mchango wa hiari una njia zake, na unaitwa wa hiari kwa sababu unaweza kusema huna. Mwulize mwalimu mkuu, kwa heshima, kikao gani kilipitisha hizo 30,000 na risiti zinatolewa na nani. Mara nyingi swali hilo linatosha.

Hata hivyo nisingependa ukagombane na yule mwalimu wa darasa. Piga hesabu nami. Ruzuku ya serikali kwa shule ya msingi imewekwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Shule ya watoto 600 ni milioni 6 kwa mwaka mzima, na humo kuna chaki, mitihani na ukarabati. Hakuna mshahara wa msaidizi mle. Mwalimu ana darasa lililojaa, na mwanao akitoka mbio kuelekea barabarani hawezi kuwaacha wengine. Ameona hatari ya kweli, akaitupia mtu asiyestahili. Hoja hiyo ipelekwe kwenye kamati ya shule, iandikwe kwenye muhtasari, na muhtasari uende kwa Mkurugenzi ukiomba msaidizi au mwalimu wa kitengo. Ukiwapata wazazi wengine watatu wenye watoto kama wako, nendeni pamoja.

Kukaa darasani siku mbili tatu mwanzoni si vibaya kama utaipata nafasi baada ya vitumbua. Mwonyeshe mwalimu jinsi mtoto anavyoomba kwenda chooni, kinachomtisha, kinachomtuliza. Hiyo ni elimu ambayo chuo chochote hakikumpa. Lakini kukaa kwako ni msaada, kusigeuzwe sharti la mtoto kusoma.

Mjukuu wangu mwingine ndiye anayeniandikia. Huyu ninayemuulizia ana miaka 11, ana mtindio wa ubongo, hatembei, mikono inakaza, na maneno yake tunayaelewa sisi tu. Lakini akili anayo. Redioni wakichekesha anacheka kabla yetu. Hajawahi kwenda shule. Watu wanasema umri umepita, na wengine wanasema mambo ya mashetani. (Bibi wa Tongoni)

Shikamoo bibi. Barua yako nimeisoma mara nne.

Umri haujapita. Upo hata mpango wa MEMKWA, uliowekwa kwa watoto waliokosa kuanza kwa wakati. Na mashetani hayamo. Mtindio wa ubongo hutokana na sehemu ya ubongo inayoongoza misuli kudhurika mapema, pengine mtoto alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, au umanjano mkali wa uchanga haukutibiwa, au maambukizi yalifika kwenye ubongo. Si kosa la mama yake wala lako. Misuli ikishindwa kutii, akili inaweza kuwa nzima kabisa ndani yake, na huyo anayecheka kabla yenu amekwisha kuwajibu majirani.

Barua ya shule iandikwe kama nilivyomweleza mama wa Makorora. Lakini kwake yeye shule itaamuliwa na mambo ambayo ofisini hayatajwi. La kwanza ni kiti. Mtoto asiyeweza kukaa wima hawezi kutazama ubao, nguvu zote zinakwisha kwenye kuzuia kichwa kisianguke. Pale hospitali ya Bombo waulizie wataalamu wa tiba ya mazoezi, wampime, wakuandikie vipimo, kisha seremala yeyote atachonga kiti chenye mkanda kifuani na kibao mbele. La pili ni choo. Watoto wengi wa namna yake huacha shule kwa sababu ya choo: mlango mwembamba, ngazi mbili, hakuna pa kushika. Mtume mtu akapime mlango huo kabla ya siku ya kwanza, na barua iseme wazi nini kinahitaji kurekebishwa. La tatu ni njia. Kutoka kwenu hadi shuleni nani atambeba, na mvua za masika zikianza itakuwaje? Hilo lizungumzeni na mwenyekiti wa mtaa, maana bajaji ya kila siku huwezi kuilipa, na vijana wa mtaa wakipangiwa zamu hubeba.

Na mwalimu atasema hamwelewi anaposema. Aambiwe asisubiri maneno. Chukueni ubao, bandikeni picha: maji, choo, ndiyo, sitaki, nimechoka. Ataonyesha kwa mkono, na mkono ukikataa ataonyesha kwa macho.

Wewe unayemwandikia bibi, neno hili ni lako. Leo jioni kaa na nduguyo, andika "a" upande mmoja wa karatasi na "m" upande wa pili, kubwa. Mfundishe taratibu. Kesho yake mwulize ipi ni "a", usimguse, usimwonyeshe, tazama macho yake tu. Kisha niandikie uniambie yalikwenda wapi.