Maswali ya Wasomaji: Mtoto abatizwe sasa, au asubiri akue?

Barua za mwezi huu kuhusu ubatizo wa watoto ni nyingi kuliko kurasa tulizo nazo. Zilizofanana tumeziunganisha, na majina ya waandishi tumeyaacha.

Mimi ni Mkatoliki, mume wangu ameokoka na anasali kwa Wapentekoste. Mtoto ana miezi 4. Nataka abatizwe. Mwenzangu anasema mtoto hajui kutubu, apelekwe madhabahuni akawekwe wakfu, maji mengi atayafuata mwenyewe akikua. Nani ana haki? (Mama, Mbeya)

Dada, ugomvi wenu ni wa zamani na umeanzia Afrika. Karibu mwaka 200, huko Karthago, kwenye Tunisia ya leo, Tertuliani, mwandishi Mkristo, aliwashauri Wakristo wasiwakimbize watoto wadogo kwenye maji. Shauri hilo lenyewe linatuonyesha kwamba tayari walikuwapo waliokuwa wakiwapeleka, maana hakuna anayekataza lisilofanyika. Miaka 50 hivi baadaye, katika mji huohuo, askofu mmoja alitaka watoto wangoje siku ya 8 kama ilivyokuwa kwa tohara ya Kiyahudi. Sipriani, askofu wa Karthago, na maaskofu wenzake wakamjibu kwamba hata hizo siku 8 ni za nini. Lakini hata hapo jambo halikuisha. Augustino, mtoto wa Monika aliyekuwa mwamini hodari, alibatizwa Milano mwaka 387 akiwa mtu mzima wa miaka 32.

Kwenye Biblia kila mmoja wenu atapata mstari wake. Mumeo atakusomea Marko 16:16, "Aaminiye na kubatizwa ataokoka", imani ikitangulia maji. Wewe utamsomea Matendo 2:39, "ahadi hii ni kwa ajili yenu, na kwa watoto wenu", kisha nyumba ya Lidia na ya mlinzi wa gereza katika sura ya 16. Maandiko hayasemi kama ndani ya nyumba hizo mlikuwa na mtoto mchanga, kwa hiyo hamtamalizana kwa kuhesabiana mistari.

Mnachotofautiana ni maana ya ubatizo wenyewe. Kwa Wakatoliki, Waorthodoksi, Walutheri na Waanglikana, anayetenda ni Mungu na mtoto anapokea kabla hajajua kuomba, kama anavyonyonya kabla hajajua kushukuru. Kwa Wapentekoste, Wabaptisti, Wasabato na Wamenno, ubatizo ni jibu la mtu aliyekwisha kuamini. Hawa wa mwisho walilipa gharama kubwa. Wamenno wa Mara, ambao kanisa lao lilianzia Shirati mwaka 1934, wanatoka katika ukoo wa kiimani wa wale waliobatizana upya Zürich tarehe 21 Januari 1525. Felix Manz, mmoja wao, alizamishwa mtoni na serikali ya mji ule Januari 1527. Watawala waliona ucheshi kumwadhibu kwa maji mtu aliyekosea kwa maji.

Tuje nyumbani kwako. Kama ndoa yenu ilifungwa Kanisa Katoliki, uliahidi kufanya kila uwezalo ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Mumeo hakuahidi chochote, alijulishwa tu kwamba wewe umeahidi. Wengi hudhani wote wawili walitia sahihi jambo moja, na hapo ndipo lawama zinapoanzia. "Kila uwezalo" si amri ya kuvunja nyumba. Vilevile, kanuni ya 868 ya Sheria ya Kanisa inataka ridhaa ya mzazi mmoja tu, hivyo paroko anaweza kumbatiza kwa ombi lako. Hata hivyo hatukushauri umpeleke mtoto Jumapili mwenzako akiwa safarini. Atakuja kukiona cheti siku moja.

Pimeni na hili. Kuwekwa wakfu ni sala ya baraka na hakufungi mlango wowote. Mtoto aliyewekwa wakfu leo anaweza kubatizwa mwezi ujao. Ubatizo haufutiki wala, kwa Wakatoliki, haurudiwi. Akibatizwa sasa, kisha akiwa na miaka 15 akahamia kanisa la baba yake, kule watamtaka aingie tena majini, na upande wako mtaumia. Kwa upande mwingine, Kanisa lako linataka mtoto abatizwe ndani ya majuma machache ya kwanza, na akishatimiza miaka 7 haletwi tena kama mchanga, anaingia mafundisho na kujibu mwenyewe.

Kwa maoni yetu, swali linaloamua ni hili: Jumapili saa 1 asubuhi, mvua ikinyesha, ni nani kati yenu atakayemvalisha mtoto viatu na kutoka naye? Kama ni wewe, mbatize, na baba aje akae benchi la mbele. Kama ni yeye, na wewe kanisa lako ni Krismasi na Pasaka, basi unatafuta sherehe.

Nimezaa sijaolewa. Katekista amesema mtoto wa nje ya ndoa habatizwi mpaka nifunge ndoa. (Morogoro. Barua kama hii tumepata nne.)

Si kweli, dada yangu. Hakuna kanuni inayomnyima mtoto ubatizo kwa sababu ya ndoa ya wazazi. Kanuni ya 868 inadai tumaini la kweli kwamba atalelewa katika imani. Tumaini hilo likikosekana kabisa, ubatizo unaahirishwa na mzazi anaelezwa sababu, lakini kuahirisha si kukataa. Papa Fransisko, tarehe 12 Januari 2014, alibatiza watoto 32 katika kikanisa cha Sistina, na mmoja wao wazazi wake walikuwa wamefunga ndoa ya serikali tu.

Usimalizane na katekista, nenda ofisi ya parokia. Kwanza pitia jumuiya yako ndogo ndogo upate barua ya mwenyekiti. Mambo mengi hukwama hapo, kwa sababu mama hajaonekana jumuiyani tangu ahamie mtaani. Nenda hata wiki mbili tatu kabla hujaomba barua. Chukua nakala ya cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, na cheti cha ubatizo na kipaimara cha msimamizi. Utapangiwa siku za mafundisho, wewe na msimamizi, na asiyehudhuria ndiye anayesogeza tarehe mbele.

Jina la baba litawaletea maneno, jiandae. Linaandikwa kwenye daftari kama kuna hati ya serikali inayomtambua, au yeye mwenyewe akitamka mbele ya paroko na mashahidi wawili. Vinginevyo linaandikwa jina lako peke yake, na cheti ni halali vilevile. Usilazimishe jina la mjomba lijaze nafasi. Siku ya ndoa ya mtoto litaleta maswali.

Kuhusu pesa, sadaka iliyopangwa na jimbo ipo, lakini kanuni ya 848 inataka mhitaji asikose sakramenti kwa umaskini. Kama huna, mwambie paroko, si karani.

Kwa Walutheri utaratibu ni tofauti kidogo. Katika sharika nyingi mama huombwa kurudi kundini kwanza, yaani anazungumza na mchungaji na wazee wa kanisa, ndipo mtoto anapangiwa tarehe. Waone mapema.

Mimi ni muuguzi wodi ya watoto wachanga. Wazazi hutuomba tubatize mtoto akizidiwa usiku. Nafanyaje bila kukosea?

Swali hili tunalijibu kwa urefu, kwa sababu likikosewa hakuna pa kurudia.

Panapokuwa na hatari ya kifo, yeyote anaweza kubatiza, mwanamume au mwanamke, hata asiye Mkristo, mradi anakusudia kufanya lile Kanisa linalofanya. Uliza wazazi: mnataka? jina nani? Kisha chukua maji ya kawaida, ya bomba, ya chupa au ya mvua. Maziwa, soda na mafuta si maji. Yasiwe ya baridi, yakae uvuguvugu wa mkono. Nusu kikombe cha chai inatosha na kubaki. Mtoto akiwa kwenye kitotoleshi, tumia bomba la sindano lililoondolewa sindano, mililita chache tu, ukiwa umeweka kitambaa chini ya kichwa asipate baridi.

Mimina kichwani mara 3 huku wewe mwenyewe ukisema: "(Jina), nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Maji yatiririke juu ya ngozi. Kosa tunalolisikia mara nyingi ni mtu kulowesha kidole na kuchora msalaba kwenye paji la uso. Hayo ni maji yaliyopakwa, hayakutiririka, na ubatizo huo unabaki na mashaka. Kosa la pili ni wawili kugawana kazi, huyu anamimina na yule anatamka. La tatu ni kutaka kuwashirikisha wote kwa kusema "sisi tunakubatiza". Tarehe 6 Agosti 2020 Vatikano ilitamka wazi kwamba kwa maneno hayo ubatizo haukufanyika.

Andika papo hapo jina, tarehe, saa, aliyebatiza na shahidi, uwape wazazi wapeleke parokiani. Mtoto akipona analetwa kanisani kukamilishiwa mpako wa Krisma (mafuta matakatifu), vazi jeupe na mshumaa. Maji hayarudiwi.

Mtoto aliyekwisha kufariki habatizwi, sakramenti ni za walio hai. Usikubali kufanya "kwa ajili ya kumtuliza mama". Ukiwa huna hakika kama uhai bado upo, tanguliza maneno "kama u hai". Na mama asiambiwe kwamba mwanawe yuko gizani pembezoni mwa mbingu. Wazo hilo halikuwa fundisho rasmi la imani. Kanisa linamkabidhi mtoto huyo kwa huruma ya Mungu, na askofu anaweza kuruhusu azikwe kwa ibada ya Kanisa kama wazazi walikusudia kumbatiza.

Bibi amembatiza mjukuu jikoni kwa siri, eti sisi tunachelewa. Je, inahesabika? (Baba, Bukoba)

Inaweza kuhesabika, kaka. Mtoto hakuwa hatarini, kwa hiyo bibi amekosa utaratibu. Lakini kama maji yalikuwa maji, yalimtiririka kichwani, maneno yalikuwa yaleyale na alikusudia kubatiza, mtoto amebatizwa. Mkalisheni bibi taratibu, bila ukali, maana akiogopa ataficha. Muulizeni alichota wapi, alimwaga au alipaka, alisema nini neno kwa neno. Mpelekeni kwa paroko aeleze mwenyewe. Yakibaki mashaka ya kweli, padre atabatiza kwa sharti: "Kama hujabatizwa, nakubatiza..." Msinyamaze na kumpeleka mtoto kama vile hakuna kilichotokea.

Cheti cha ubatizo cha mwanangu kinasema Yohana, cha kuzaliwa kinasema John. Kuna shida? (Dodoma)

Ipo, na inakua na mtoto. Itaonekana kwenye mtihani wa kumaliza shule ya msingi na kwenye kitambulisho cha taifa. Fuata mpangilio huu: cheti cha kuzaliwa kwanza, RITA (wakala wa serikali wa usajili), ndani ya siku 90 tangu mtoto azaliwe, kisha peleka nakala parokiani ili karani anakili herufi kwa herufi. Kwako sasa, omba parokia iliyombatiza iandike marekebisho kwenye daftari, ukiwa na cheti cha kuzaliwa mkononi. Usikwangue cheti kwa wembe na kuandika juu, hapo unakiharibu chote.

Tukiwa hapohapo kwenye majina, si lazima liwe la mtakatifu. Kanuni ya 855 inakataza tu jina lisilopatana na moyo wa Kikristo. Neema, Baraka na Amani yanafaa.

Hifadhi namba ya ubatizo na jina la parokia, hata ukihama mkoa. Kipaimara na ndoa vitaandikwa kwenye daftari lilelile la mwanzo, na siku anapotaka kuoa ataombwa nakala mpya, kwa kawaida iliyotolewa ndani ya miezi 6. Ile ya kabatini haitatosha. Daftari likiwa limeungua au kupotea, shahidi mmoja wa kuaminika aliyekuwepo anatosha kuthibitisha.

Rafiki yangu Mwanglikana anaweza kuwa msimamizi wa mtoto wetu Mkatoliki? (Nakuru)

Peke yake hapana. Anaweza kusimama kama shahidi kando ya msimamizi Mkatoliki. Msimamizi awe ametimiza miaka 16, amepata Komunyo na kipaimara, na asiwe baba wala mama wa mtoto. Mmoja anatosha. Wakiwa wawili, wawe mwanamume na mwanamke. Wale wanne au sita tunaowaona kwenye picha siku hizi ni wageni wa sherehe, hawaandikwi kwenye daftari.