Maswali ya Wasomaji: Kengele Inalia, Maji Maangavu

SWALI: Assalaam aleykum wahariri. Nina mtambo wa kuchuja maji ya kisima hapa Lamu, lita 1,000 kwa saa. Tumefunga kipimo cha ukungu baada ya chujio la mchanga, na kipimo cha chumvi kwenye bomba linalotoka tangi la lita 5,000. Cha kwanza hulia kila pampu ikiwaka, na nikikinga maji kwenye glasi nayaona maangavu. Cha pili, nilichokiweka kilie kikifika 1,000, hakijalia hata siku moja. Juzi wateja wamerudisha mitungi wakisema maji yana dalili ya munyu. Vijana wamechoka, wameizima kengele. Kosa liko wapi? — Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Waaleykum salaam. Kengele iwasheni leo leo, kisha tuondoe kinachoiliza ovyo.

Kipimo cha ukungu hurusha mwanga ndani ya maji na kusoma ule unaotawanyika kwa pembe ya nyuzi 90. Chembe ya udongo hutawanya mwanga, na kiputo cha hewa vilevile. Kifaa hakiwezi kuvitofautisha. Pampu ikiwaka husukuma hewa iliyobaki bombani, na presha ikishuka ghafla, hewa iliyoyeyuka hutoka kama kwenye soda iliyofunguliwa. Utaijua kwa namba zake za ukungu, kwa kizio cha NTU: 0.4, 6, 0.9, 11, zinarukaruka ndani ya sekunde chache. Tope halisi hupanda likakaa juu. Kinga glasi uiache dakika mbili. Weupe ukipanda na kutoweka ni hewa. Ukizama au ukibaki ni tope.

Sasa tazama kihisi kimefungwa wapi. Kikiwa mgongoni mwa bomba lililolala, kinakaa kwenye hewa. Kikiwa tumboni, mchanga hukifunika. Kifunge ubavuni, au bora zaidi kwenye bomba linalopanda. Kabla yake liwepo bomba lililonyooka, urefu mara 10 ya kipenyo: kwa bomba la inchi moja ni sentimita 25. Koki ya kubana ikae baada ya kihisi, presha isishuke kabla maji hayajapimwa. Mwisho weka kengele isubiri sekunde 30. Hapo kusubiri hakuna madhara, maana mbele bado kuna chujio dogo na membreni, yaani utando unaozuia chumvi. Kioo cha kihisi kifutwe kila wiki kwa kitambaa laini.

Kipimo cha chumvi ndicho kilichotutia wasiwasi zaidi, kwa sababu kimya chake mmekiamini. Kiko baada ya tangi, na tangi huficha kosa. Chukua mfano: tangini mna lita 4,000 za maji yanayosoma maikrosiemeni 80 (kizio cha jinsi maji yanavyopitisha umeme; chumvi ikizidi, namba hupanda). Membreni ikianza kuvuja, kwa saa moja inaingiza lita 1,000 zinazosoma 400. Ukichanganya, tangi zima linasoma 144. Uvujaji umezidisha chumvi mara tano, na kipimo chako kimesogea kidogo tu. Kihamishe kiwe kwenye bomba la maji safi linalotoka membreni, kabla ya tangi.

Na hiyo 1,000 iache. Andika namba za mtambo wako asubuhi na jioni kwa wiki nzima, pamoja na za maji ya kisima. Kama kawaida yake ni 80, kengele ilie kwenye 120. Pima kisima pia, kwa kuwa siku za bamvua maji ya bahari huweza kusukuma chumvi visimani. Membreni inayozuia asilimia 98 ikipewa 3,000 hutoa 60. Ikipewa 5,000 hutoa 100, na haina ubaya wowote. Ukitazama namba moja tu utamwita fundi bure. Vilevile mtambo uliolala usiku kucha huamka na maji ya munyu, kwa kuwa chumvi hupenya polepole presha isipokuwepo. Mwaga ya dakika 10 za mwanzo.

Kengele pekee haizuii kitu. Iunge na valvu inayogeuza maji yaende kumwagwa. Hapa hesabu haikwepeki. Bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 25 hubeba takriban nusu lita kwa kila mita. Mtambo wako hutoa lita 0.28 kwa sekunde. Toka kihisi hadi valvu pakiwa na mita sita, maji hufika kwa sekunde 10 na ushei. Valvu ya mota inayochukua sekunde 15 kugeuka imekwisha chelewa. Tumia ya sumaku, hufunga papo hapo.

Kutafuta panapovuja: pima maji ya kila mrija wa membreni peke yake. Kwenye ule mbaya, zima mtambo, ingiza kijipira chembamba katika tundu la maji safi hadi mwisho, washa tena, kisha kivute sentimita 20 kila mara huku ukipima. Namba ikiruka ghafla kwenye maungio, oringi, ile pete ya mpira ya kuzibia, imekatika au imekunjwa. Ikiwa juu mrija mzima, membreni yenyewe imeharibika, na mara nyingi ni klorini iliyoingia. Oringi mpya ipakwe glisarini, kamwe si grisi wala vaselini.

Kipimo chenyewe kihakikishwe kila mwezi kwa maji ya kupimia ya maikrosiemeni 1,413, kwenye nyuzi 25. Kisiporekebisha joto, kila nyuzi moja huongeza kama asilimia 2. Maji ya nyuzi 30 yatasoma zaidi kwa asilimia 10.

SWALI: Nakamua mafuta ya nazi. Naweza kujua yana maji kabla ya kuyatia chupani? — Malindi

JIBU: Naam. Kuna kihisi cha bombani kinachopima jinsi kimiminika kinavyohifadhi chaji ya umeme: kwa maji kipimo hicho ni kama 80, kwa mafuta kama 3, hivyo hata maji kidogo huonekana. Hewa huvuta namba chini na kukudanganya kuwa mafuta ni makavu, basi bomba lijae daima. Kilinganishe na sampuli uliyoikausha kwenye oveni ya nyuzi 105. Kiwango cha Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, kwa mafuta ya nazi bikira ni maji yasiyozidi asilimia 0.2. Kabla ya kununua chochote, fungua koki ya chini ya tangi kila asubuhi. Maji yaliyotuama huko ndiyo huvutwa na pampu mwanzo.

SWALI: Vipimo hivi huona vijidudu? — Msomaji, Shela

JIBU: La. Maji ya maikrosiemeni 80 yenye ukungu chini ya NTU 1 yanaweza kubeba vijidudu. Tia klorini baada ya membreni, ibaki miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita, na sampuli ipelekwe maabara.